Tarikhi ya Jemedari Aliyefuta Mstari Mmoja

Nyamazeni, enyi mliolishwa tangu utotoni habari za majabari walioteka ngome na kuvuka majangwa. Sogezeni viti, zimeni simu, mwiteni hata jirani ambaye hamsemezani naye, kwa maana habari hii haibagui. Twaja kuwasimulia tendo kuu lililotendwa na mtu aliyeketi kitini, amevaa shati la kazi juu na bukta chini, tendo ambalo majeshi hayakulishuhudia kwa sababu majeshi yalikuwa na shughuli za maana. Ewe ulimi, usiteleze. Nanyi mbavu, vumilieni. Na wewe shujaa wetu, popote ulipo, usituletee malalamiko, maana uliyataka mwenyewe.

Alikuwa akiitwa Jemedari. Si kwamba aliwahi kushika bunduki. Alikuwa mkuu wa mitambo katika kampuni moja ya bima ya magari, na wenzake walimbandika jina hilo kwa vile alivyokuwa akipita baina ya meza zao, fungu la funguo kiunoni, kifua mbele, akizitazama kompyuta za watu kana kwamba zimechelewa kumpigia saluti. Jina lilitolewa kwa kejeli. Yeye alilipokea kwa mikono miwili, akalivaa, na mwishowe akaanza kulitia katika saini ya barua pepe zake.

Ikawa jengo la kampuni likafungwa ili libadilishwe paa, na wafanyakazi wote wakaamriwa kufanyia kazi majumbani. Ili waweze kuyafikia mafaili yaliyobaki ofisini, Jemedari akawachimbia njia ya siri ndani ya intaneti, ile iitwayo VPN, ambayo ni mfano wa handaki: mtu huingilia sebuleni kwake akatokea ofisini, wala mwizi wa njiani haoni kilichopita. Siku ya kulizindua aliwaandikia watu wote waraka mrefu, akatangaza kwamba handaki lake halina ufa wala vumbi, na atakayeliona lina kasoro ajichunguze kwanza yeye mwenyewe. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili lilivuma kwa aya saba.

Sasa miongoni mwa waliolipita handaki hilo kutwa kucha alikuwamo mkewe. Huyu alikuwa mkaguzi wa madai katika kampuni ile ile, angali katika muda wa majaribio, na kazi yake ilikuwa kufungua faili la gari lililogongwa, kulisoma, kutoa uamuzi, kulifunga, na kufungua jingine. Mfumo wenyewe ulimhesabia mafaili. Ofisini, kabla paa halijabomolewa, alikuwa akiwatangulia wenzake wote katika idara. Alipohamia meza ya sebuleni akawa anaburura mkia. Kila alipoiita kwa jina seva ya madai, ile kompyuta kuu ya ofisini inayotunza mafaili, seva haikuitika. Kioo kilimkodolea macho tu. Angeweza kwenda jikoni akaosha vikombe, akarudi akakuta ndiyo kwanza inaamka. Ikishaamka ilikwenda mbio. Lakini akikaa kidogo kusoma faili refu, akiita tena, aliikuta imelala tena fofofo.

Na Mkurugenzi alikuwa amekwisha kumwandikia. Alimwambia kwamba hesabu za kazi yake zingetazamwa kesho asubuhi, kisha iamuliwe kama atathibitishwa kazini au aage, na kwamba kwa jinsi zilivyo, hesabu hizo hazimwombei mema. Mama yule aliisoma barua hiyo mara mbili, akafunga macho, akayafumbua, akaendelea kuisubiri seva.

Msidhani alinyamaza. Alimwita mumewe kila siku, akamwambia njoo uone. Naye Jemedari alikuja, lakini alikuja kijemedari: alimaliza kwanza alichokuwa akikifanya chumbani, akakohoa, akavaa kandambili, akapiga hatua moja moja mpaka mezani. Kufika kwake seva imekwisha kuamka. Hapo alinyoosha kidole, akabonyeza, na faili likafunguka papo hapo. Ndipo alipolitamka lile neno ambalo ni mkuki na ngao ya kabila lote la mafundi wa kompyuta: “Mbona iko sawa?”

Wala wafanyakazi wengine hawakumsaidia mwanamke huyo kwa neno lolote. Kuvuja kwa pakacha, nafuu kwa mchukuzi. Wao walikuwa wameajiriwa zamani, hawahesabiwi mafaili, na kila seva ilipolala nao walijinyoosha, wakanywa chai, wakapiga soga na jirani, kisha wakamwandikia Jemedari ujumbe wa kumpongeza kwa mtandao madhubuti. Jemedari alizihifadhi pongezi zote. Yeye mwenyewe hakupata hata siku moja kuonja usingizi ule, kwa kuwa majabari wa aina yake hawaziiti seva kwa majina. Aliingia kwa mlango wa mafundi na alizijua zote kwa namba zao, akizitamka kwa mbwembwe kama anayetaja nasaba yake, na aliamini kabisa kwamba majina ni ya watu wa kawaida.

Basi siku ile, mkesha wa hukumu, mkewe alimwita kwa mara ya mwisho. Jemedari alikuwa ndiyo kwanza amemaliza mkutano wa video, ndiyo maana ya shati lile lililopigwa pasi na tai. Na kwa kuwa kamera haioni chini ya meza, ndiyo maana ya bukta. Akatoka chumbani hivyo hivyo, akafika mezani, akabonyeza, faili likafunguka, akasimama kuhutubia.

“Mke wangu,” alisema, mkono mmoja kiunoni, “tazama kidole hiki. Ndicho kilichochimba handaki, na hakijapata kukosea tangu nilipokabidhiwa funguo. Kama seva inakuitikia kwa uvivu, jiulize unaiita vipi. Pengine unabonyeza kwa hasira. Mashine nazo huhisi.”

“Mashine haihisi kitu,” mkewe alimjibu bila kugeuka. “Mimi ndiye ninayehisi, na kesho wananiondoa.”

Jemedari alifungua kinywa kuanza sehemu ya pili ya hotuba. Na hapo, enyi wasikilizaji, mlango wa ua ukafunguka, akaingia mama mkwe na beseni la nguo zilizokauka.

Mnajua wenyewe mtu mzima akionekana na mkwewe amevaa bukta. Jemedari, ambaye mtandao mzima ulimtetemekea, aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Mlango wa chumbani ulikuwa mbali, na mama mkwe alikuwa amekwisha kuikata njia hiyo kwa kukaa kwenye kochi, akaweka beseni miguuni, akaanza kukunja. Mkewe alikuwa ameinuka kumpokea mama yake. Kiti chake kikabaki wazi. Jemedari akajitupa humo, akavuta kitambaa cha meza mpaka kikamfunika magoti, akamsalimu mkwewe shikamoo kwa sauti nyembamba ambayo hakuna mfanyakazi aliyewahi kuisikia. Kikombe kimoja kilianguka, hakikuvunjika.

Hivyo ndivyo shujaa wetu alivyoukalia uwanja wa vita, si kwa ushujaa bali kwa sababu hakuwa na suruali. Mkewe alimtazama, akatazama beseni lilivyojaa, akaelewa, na kwa kuwa alikuwa binadamu aliyechoshwa, hakumwokoa. Akavuta kiti kingine, akamwambia kwa upole kwamba kwa vile amekaa, basi amfungulie lile faili la lori lililoangukia mtaro.

Jemedari akaandika namba ya seva. Mfumo wa madai ukamkatalia, maana haumpokei mkaguzi ila kwa jina la seva. Akashusha pumzi ya dharau, akaandika jina, akabonyeza.

Kimya.

Mama mkwe akakunja shuka. Jemedari akabonyeza tena. Mama mkwe akakunja blauzi, akakunja suruali moja ambayo Jemedari aliitazama kwa uchungu mkubwa, maana ilikuwa yake. Kioo kikaendelea kumkodolea macho. Ndipo mama mkwe, kwa kutaka tu kumchangamsha mkwewe, akamuuliza kama kazi inakwenda vizuri. Akajibu kwamba inakwenda. Faili likafunguka wakati huo, naye akalionyesha kwa mkono kana kwamba amelivuta mwenyewe kutoka kisimani. Mkewe alilisoma taratibu, akalifunga, akamwomba afungue jingine. Kimya kikarudi kilekile.

Kumbe jasho la Jemedari ni jasho kama la mtu mwingine yeyote. Alitangaza vita papo hapo. Kwanza aliishambulia ruta, kile kisanduku kinacholeta intaneti nyumbani, akaituhumu kwa uhaini, na kwa kuwa hakuweza kuinuka, alimtuma mkewe aizime na kuiwasha. Ikazimwa, ikawashwa, seva ikalala vilevile. Kisha aliivamia kampuni ya intaneti kwa simu, akasikilizishwa muziki hadi akaukariri, na msichana aliyempokea akamwambia laini ya nyumba hiyo ni nzima kabisa. Jemedari akamtolea maneno makali kuhusu hatima ya mataifa yanayoongozwa na wazembe. Msichana akamshukuru kwa kupiga simu, akakata. Halafu akaituhumu kompyuta ya mkewe, akisema imezeeka. Mkewe akamkumbusha kwamba ni yeye aliyemchagulia, na siku ya kuileta aliiita chuma.

Maadui wakawa wamekwisha. Hapo, kwa kukosa mtu mwingine wa kumlaumu, Jemedari akafanya jambo ambalo angelifanya tangu siku ya kwanza kama angekubali kukaa kwenye kiti hicho: akapima. Aliibishia hodi ile seva kwa namba yake, ikaitikia mara moja. Akaibishia kwa jina, ikachelewa. Akangoja kidogo, akarudia kwa namba, mara moja. Kwa jina, usingizi.

Njia basi ilikuwa safi, na seva ilikuwa macho wakati wote. Ugonjwa ulikuwa kwenye jina. Maana kompyuta, enyi wasikilizaji, hazijuani kwa majina. Zinajuana kwa namba. Mtu akiita kwa jina, kompyuta yake huenda kwanza kumuuliza mtunza majina, ambaye naye ni seva, kwamba fulani namba yake ni ipi. Akijibiwa, ndipo safari ianze; na jibu hilo kompyuta hulikumbuka kwa kitambo tu, kisha hulisahau, ikabidi iulize upya. Kumbe mke wa Jemedari alikuwa hamsubiri mwenye nyumba. Alikuwa akimsubiri bawabu.

Akaiuliza kompyuta humwendea bawabu gani. Ikamwonyesha namba mbili, moja juu ya nyingine. Ile ya chini aliijua. Ndiyo seva mpya ya majina. Ile ya juu aliijua zaidi. Damu ikamshuka miguuni, ikakaa humo kwenye bukta.

Ilikuwa namba ya Mzee.

Mzee ilikuwa seva ya kwanza aliyoifunga Jemedari kwa mikono yake, katika ujana wake kazini. Ilizinduliwa kwa utepe na picha, na yeye alisimama kando yake kama baba wa mtoto. Ilipoungua, ikatupwa stoo, na mpaka leo imo humo imelala chini ya mapazia mabovu, haina umeme wala pumzi. Ofisini wafanyakazi walipewa bawabu mpya peke yake, na ndiyo maana ofisini kulikuwa na kasi. Lakini alipokuwa akipanga handaki lake, Jemedari aliona si adabu kijana kumtangulia mkubwa. Akaiandika namba ya Mzee juu, ya kijana chini, akasimama akaitazama kazi yake kwa machozi ya fahari. Tangu hapo kila kompyuta iliyoingia handakini ilikwenda kwanza stoo, ikamwamkia marehemu, ikasimama kwa adabu kungoja jibu, ikachoka, ndipo ikaenda kwa aliye hai.

Nyani haoni kundule, na huyu wetu alikuwa amelikalia tangu mwanzo. Aliinua macho. Mkewe alikuwa akimtazama. Shetani akamjia Jemedari kwa sauti tamu, akamnong’oneza kwamba aseme ni wadukuzi kutoka mbali, watu watatishika, atapewa na bajeti. Akakaribia kusema. Bali mkewe alikuwa ameziona zile namba mbili kiooni, akauliza hiyo ya juu ni ya nini, na mama mkwe akaacha kukunja ili naye asikie. Mbele ya mkwe uongo huwa mzito ulimini. Akaeleza, kwa kuzungukazunguka, kwa maneno mengi kuhusu heshima na historia ya taasisi.

“Kwa hiyo mlikuwa mkimuuliza maiti,” alisema mama mkwe.

“Kwa heshima tu, mama.”

“Maiti huheshimiwa kwa kuzikwa, baba.”

Akalibeba beseni lake, akaenda zake, naye Jemedari akawa huru kuukimbilia mlango wa chumbani. Hakuukimbilia. Tumpe haki yake hapa, ingawa ni ndogo na haitamjaza kiganja. Aliingia katika mipangilio ya handaki, akaifikia ile namba ya juu, akaishika kwa kishale cha kipanya, akasita. “Ewe Mzee,” alisema, na mkewe akageuza uso ukutani, “uliyeyajua majina yetu sote wakati wengine hata ya wake zao waliyasahau, ulale salama. Si mkono wangu unaokuondoa, ni zama.” Kisha akabonyeza. Mstari ukafutika. Haukulia, haukutoa damu.

Mkewe akatoka handakini, akaingia upya, akaita seva ya madai kwa jina. Faili lilifunguka kabla kidole chake hakijanyanyuka. Akafungua jingine, na jingine. Akaziba mdomo kwa kiganja, na machozi yakamtoka, si ya furaha tupu, maana aliyakumbuka majuma yote aliyojiona mzembe, akajaribu kuamka mapema, akajaribu kubonyeza polepole kama alivyofundishwa.

Jemedari hakuyaona machozi hayo. Alikuwa amekwisha kuvuta kompyuta yake mwenyewe, anaandika tangazo kwa Mkurugenzi na wafanyakazi wote. Aliandika kwamba baada ya mapambano makali na uchunguzi wa kina, Idara ya Mitambo imefanikiwa kulitokomeza tatizo sugu lililokuwa likiinyemelea kampuni. Aliandika aya nne. Alipomaliza akamsomea mkewe kwa sauti, akisimama kila nukta ili sifa zipate pa kuingilia.

Mkewe alifuta uso. “Hujasema tatizo lilikuwa la nani.”

Hapo Jemedari akahutubia kwa mara ya mwisho katika tarikhi hii. Alisema idara ina heshima yake, na heshima ikimwagika haizoleki. Alisema kiongozi hasimami sokoni akavua joho mbele ya watu wake. Alisema wakiona kasi mpya wataelewa wenyewe, na historia itahukumu kwa wema.

“Kesho hawatatazama historia,” mkewe alisema. “Watatazama hesabu zangu. Wataona nilikuwa mvivu, halafu wataona mtandao umepona, na hakuna atakayeunganisha. Mimi sihitaji shujaa, mume wangu. Nahitaji sentensi moja.”

Akageukia faili lililofuata.

Jemedari alikaa. Alifuta aya ya nne. Alikaa tena, akafuta ya tatu, akajikuna shingo, akaenda dirishani, akarudi. Wapo watu waliong’olewa magego bila ganzi wakalalamika kidogo kuliko yeye alivyogumia pale mezani akitafuta neno moja fupi. Alijaribu “hitilafu iligundulika”. Akalitazama, akamtazama mkewe, akalifuta. Alijaribu “makosa yalifanyika”, kana kwamba makosa hujifanya yenyewe yakiona watu hawapo. Akalifuta hilo nalo. Mwishowe aliandika hivi: Ucheleweshaji wote uliowapata wakaguzi wanaofanyia kazi nyumbani, na hasa mkaguzi aliye katika majaribio, ulitokana na mipangilio niliyoiweka mimi, ya kuiuliza kwanza mashine mbovu iliyoko stoo. Kosa ni langu. Akaisoma, akaona imekuwa fupi mno kuwa barua yake, akatafuta cha kuongeza. Mkewe akanyoosha mkono, akambonyezea.

Mkurugenzi alijibu jioni ile ile, kwa mistari miwili. Wa kwanza ulisema mkaguzi athibitishwe. Wa pili ulimwuliza Jemedari kama kweli ile mashine mbovu bado iko stoo. Na wale wafanyakazi wengine, waliopokonywa chai yao na soga zao, hawakumpongeza tena. Mmoja wao aliandika kulalamika kwamba mtandao siku hizi una haraka isiyo ya kawaida na huenda ni virusi.

Basi na iandikwe, enyi mliosikiliza, wajukuu waisome wakose la kusema: kwamba katika zama zetu, sebuleni, mtu mzima mwenye tai na bukta alifuta mstari mmoja akaandika mwingine, na huo wa pili ulimtoa jasho zaidi. Alipokwisha kuupeleka alikwenda kusimama nyuma ya kiti cha mkewe, kifua mbele, akingoja asifiwe. Alisimama kitambo. Mkewe hakugeuka, maana mafaili yalikuwa yakifunguka na alikuwa hana nafasi.